Siku kumi za kupeleka habari: Konde hadi machimbo ya Nyarugusu, na kurudi

Haya yameandikwa baada ya kurudi Pemba, kwa kufuata daftari la matumizi na picha za kwenye simu. Safari ilikuwa na kazi moja. Mama mmoja wa kijiji cha karibu na Konde hakuwa amemsikia mwanawe kwa miezi kumi na minne. Kijana alikwenda bara kuchimba dhahabu, simu yake ikawa haipatikani, halafu kukawa kimya. Mfanyabiashara wa dagaa, Mpemba mwenzake, alikuja na neno moja tu: kamwona Nyarugusu, mkoani Geita. Majina hayatajwi, wenyewe wameomba hivyo.

Pemba imezoea wanaume kuondoka. Wavuvi wa Kojani huenda dago, kambi za uvuvi za mbali, miezi kadhaa, lakini dago lina msimu wake wa kurudi, na atakayetangulia huleta salamu za waliobaki. Machimboni hakuna msimu. Mtu hukaa akingojea jiwe litoe, na jiwe halina kalenda. Kwa hiyo humu mna maelezo mengi ya namna ya kubeba habari, maana ndiyo mzigo uliotaka uangalizi kuliko mwingine wote.

Siku ya 1, Jumamosi 9 Agosti 2025: Konde na Wete

Siku nzima ilikwenda kwenye kukusanya habari. Wengi hufika kwa mtu wao aliye mbali na maneno mawili, "wote wazima, wanakusalimia". Aliyekaa mwaka mzima bila kusikia kwao hashibi kwa hayo. Atauliza kisima, atauliza mbuzi, atauliza nani kaolewa, na ule mkarafuu ulioangushwa na upepo kama umechipua. Ukikosa jibu, ataona kuna jambo linafichwa.

Mjukuu wa darasa la sita alikaa juu ya jamvi na daftari la skuli. Bibi, yaani mama wa kijana, alisema, mtoto akaandika, kila jina mstari wake. Zilitoka kurasa nne: watoto watatu waliozaliwa, na miezi yao, harusi mbili, mikarafuu ya kilimani imebeba, ya bondeni haikubeba, bati la jiko limebadilishwa, mbuzi ana mimba. Walipofika kwa ami wa kijana aliye bara, yule aliyemfundisha kupanda mkarafuu, mama alimzuia mtoto mkono. Ami alifariki mwezi wa Shaabani. "Hili lisiandikwe," alisema. "Hili mumwambie kwa mdomo, na asiwe na njaa."

Halafu sauti yake ikarikodiwa, dakika sita. Mara ya kwanza ilifanywa uani ikaharibika, kwa sababu kusi ya Agosti hupiga moja kwa moja kwenye maikrofoni na kinachobaki ni mvumo. Mara ya pili ilifanywa chumbani, godoro limeegemezwa dirishani, simu iko shubiri mbili kutoka mdomoni. Upepo zuia, lakini sauti za nyumba ziache. Sababu yake itaonekana mbele.

Jioni Wete, kuchapisha picha tisa kwenye karatasi. Picha za simu hazitoshi: machimboni simu huanguka, huingia maji, huwekwa rehani. Nyuma ya kila picha andika kwa kalamu ni nani na ni lini, kwani mtoto aliyeachwa ananyonya hatambuliki akishaota meno. Ikanunuliwa na halua ya Wete kilo mbili, ndani ya vikapu viwili vya ukindu. Halua huvumilia safari ya siku tano bila barafu, mradi usiifunge kwenye nailoni ikiwa bado na moto. Itatoa jasho na kuota ukungu.

Kwa watakaofuata: mama alifunga karafuu kiganja kimoja, za kutia kwenye chai, kwenye pembe ya kanga. Kiganja hakina neno. Ila usibebe kilo za karafuu kutoka Pemba bila kibali ukidhani ni zawadi. Biashara ya karafuu iko mikononi mwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na mzigo usio na karatasi huhesabiwa magendo.

Siku ya 2, Jumapili 10 Agosti: Mkoani, Unguja, Dar es Salaam

Boti ya asubuhi haikungojei. Gari ya 602 kutoka Konde kwenda Chake, kisha ya 603 kwenda Mkoani, ni njia nzuri mchana. Alfajiri ukikosa moja umekosa zote. Dereva wa pikapu ya samaki aliyekuwa akiwahi meli alitupakia sote kutoka Konde hadi bandarini. Akakataa nauli, ila aliomba tukifika huko tumuulizie kaka yake, ambaye naye yuko Geita na naye kanyamaza. Jina likaandikwa ukurasa wa tano wa lile daftari.

Tiketi hukatwa kwa kitambulisho. Ratiba za boti za Pemba hubadilika, hasa miezi ya kusi, kwa hiyo ulizia siku moja kabla. Bahari ilichafuka tulipokaribia mkondo wa Nungwi. Wapemba wengi hapo hunyamaza, wengine huomba dua, kwani ni upande huo ilipozama Spice Islander tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba. Tangu siku ile kuna akina mama ambao safari kwao haijaisha mpaka simu ya "nimefika" ipigwe. Mama wa kijana huyu ni mmoja wao, na miezi kumi na minne aliihesabu kwa hesabu hiyo.

Malindi, bandarini Unguja, kulikuwa na muda wa urojo na maji tu, halafu boti ya Dar. Kulala Kariakoo.

Siku ya 3, Jumatatu 11 Agosti: Dar hadi chini ya Sekenke

Kwa anayetoka Visiwani kwenda Kanda ya Ziwa, treni ya SGR hadi Dodoma inapunguza nusu ya uchovu. Daraja la kawaida lilikuwa shilingi 31,000. Kata mapema, fika na kitambulisho kilekile ulichokatia tiketi, na uache nafasi ya ukaguzi wa mizigo. Vikapu vya halua vilipita kwenye mashine, mkaguzi akauliza ni nini, akaambiwa, akacheka, akasema kwao Tanga pia ipo.

Kutoka Dodoma tulichukua basi la usiku linalopita Singida, Nzega na Shinyanga, linageukia Usagara kuelekea Geita. Nauli ilikuwa elfu arobaini na kitu. Mpaka Singida hakuna la kusimulia.

Saa sita usiku basi lilisimama chini ya mlima Sekenke likitoa mvuke. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka pale unapobanwa na klipu. Ndipo unapopasuka mara nyingi, maana klipu ikikazwa mno hukata mpira polepole. Fundi wa basi alingoja injini ipoe kwanza, na alifanya vyema: kufungua kifuniko cha rejeta ya moto ni kujimwagia maji yanayochemka. Kisha alikata ncha iliyochanika, kiasi cha vidole viwili, akavuta mpira uliobaki, akakaza klipu upya, akajaza maji. Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Kupoa na kutafuta maji kulichukua saa nne.

Baridi ya Singida mwezi wa Agosti inamshika mtu wa pwani vibaya. Beba shuka nzito. Mama mmoja mwenye kibanda kando ya barabara aliamka, akawasha moto, akachemsha chai kwa abiria wote, shilingi 500 kikombe. Waliokuwa na watoto hakuwatoza. Alipoona karafuu zinatiwa kwenye kikombe aliomba tatu akazifunga kwenye kitambaa, akasema ni za jino.

Pale tulipokaa ni mahali pa dhahabu tangu enzi ya Wajerumani. Mgodi wa Sekenke ulifanya kazi kabla ya vita ya kwanza ya dunia, na mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa, dhahabu yake ilipelekwa Tabora ikapigwa sarafu za rupia 15, zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Wachimbaji wadogo wapo mpaka leo upande wa Shelui. Kijana mmoja kati ya abiria alikuwa mchimbaji wa huko. Yeye ndiye aliyetuambia jambo lililotusaidia kesho yake kuliko ramani: machimboni mtu haulizwi kwa jina lake, huulizwa kwa anakotoka. "Ulizeni Mpemba."

Siku ya 4, Jumanne 12 Agosti: daraja na Geita mjini

Daraja la J.P. Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi, lilifunguliwa Juni 2025. Lina kilomita tatu juu ya maji ya Ziwa Victoria na basi hulivuka kwa dakika chache. Zamani hapa palikuwa na kivuko, na foleni yake iliweza kula nusu ya siku. Anayekusimulia safari ya Geita kwa habari za kivuko, ujue alipita zamani.

Geita mjini tulifika alasiri. Ugali na sangara, 4,000. Tulipita soko la madini, lililofunguliwa Machi 2019, kupata bei ya siku. Dhahabu safi ilikuwa imepita laki mbili na nusu kwa gramu. Ya mchimbaji mdogo haifiki hapo, kwa kuwa haijasafishwa, na huuzwa kwa vipande vidogo mno. Kipimo chao ni pointi: pointi kumi ni gramu moja. Mtu akikwambia kapata pointi tatu, amepata theluthi ya gramu, pungufu kidogo.

Usinunue hata pointi moja nje ya soko uipeleke nyumbani kama kumbukumbu. Kusafiri na dhahabu isiyo na karatasi za soko ni kosa, na itachukuliwa, nawe pia utachukuliwa.

Siku ya 5, Jumatano 13 Agosti: Nyarugusu

Gari ndogo ya abiria, kisha bodaboda, vumbi jekundu mpaka ndani ya masikio. Kutafuta mtu machimboni kuna utaratibu wake. Anza kwa mama ntilie. Mchimbaji hula kwa deni mpaka jiwe litoke, kwa hiyo daftari la madeni la mama ntilie ndilo sajili ya machimbo: lina jina la utani, lina duara, yaani shimo, analofanyia kazi mtu, na akihama mwenye daftari ndiye wa kwanza kujua. Ukimkosa hapo nenda msikitini au kanisani, halafu kwa mwenyekiti wa kijiji. Sema shida yako kabla ya kutoa simu mfukoni, kwa kuwa mgeni anayepiga picha hudhaniwa amekuja kukagua.

Daftari la mama ntilie wa pili lilikuwa na Wapemba wawili. Mmoja kumbe ni wa Tanga, na kaka wa yule dereva hakuwa humo. Picha ya karatasi ikamaliza maneno. "Huyu ni Mpemba wa duara la bondeni. Ana deni langu, lakini ni mtu mwema." Deni lilikuwa 45,000.

Duara ni shimo la mraba, upana wake kiasi cha mita moja na kitu, linashuka wima. Kuta zinashikiliwa na matimba, magogo yaliyopangwa kama fremu za dirisha moja juu ya nyingine. Juu kuna roda na kamba ya manila ya kuvutia mifuko, na pembeni mashine inayosukuma hewa kupitia bomba la nailoni. Mashine ikizimika, waliomo hupanda mara moja. Hatari kubwa ni matimba yaliyooza baada ya mvua, na duara la jirani linalokaribia chini kwa chini bila mtu kujua. Mgeni asisogee ukingoni: udongo wa mdomo wa duara umelegea hata ukionekana mgumu. Tulikaa chini ya turubai, hatua ishirini mbali, tukangoja.

Msimamizi alitueleza hesabu bila kuulizwa sana, na ndani yake imo sababu ya ukimya wa watu wengi. Wanaochimba hawana mshahara. Mwenye duara hutoa vifaa, wao hutoa nguvu, na kinachogawanywa ni mawe. Mgawanyo unaosikika sana ni asilimia 30 kwa mwenye leseni, 40 kwa mwenye duara, 30 kwa wachimbaji wote kwa pamoja, ingawa kila machimbo yana makubaliano yake. Duara hili lilichimbwa miezi mitano kabla ya kugusa mkanda, jiwe lenye dhahabu. Mavuno ya kwanza yalikuwa mifuko 60. Mwenye leseni 18, mwenye duara 24, wachimbaji 18. Wako tisa, kila mmoja mifuko miwili.

Mifuko miwili ya kijana ilikwenda karasha ikasagwa, ikaoshwa kwenye mwalo, pale pa kuoshea, juu ya magunia yanayonasa mchanga mzito, ukatiwa zebaki, ukakamuliwa kwenye kitambaa, ukachomwa. Ikatoka pointi tano. Ni kama laki moja. Toa elfu ishirini za karasha na maji, toa elfu arobaini na tano anazodaiwa na mama ntilie. Zilizobaki ni elfu thelathini na tano, kwa miezi mitano. Tena marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa, humbakia mwenye mwalo. Zebaki mara nyingi hainasi hata nusu ya dhahabu iliyomo kwenye jiwe, na iliyobaki huja kutolewa kwa sianidi na wenye mitambo. Tulioyasikia haya tuliona ni dhuluma, hata kama kila mtu pale anaiita desturi.

Huyo mwenye elfu thelathini na tano hapigi simu nyumbani. Mama hatamwomba kitu, na yeye anajua hatamwomba, na hilo ndilo linalomshinda.

Ukipita mwaloni, kaa upande unakotoka upepo wakati wanachoma. Moshi wa zebaki hauna harufu ya kukuonya, huingia kwenye mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni huumia zaidi. Tanzania iliridhia mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020. Kipo kifaa cha kuchomea kilichofunikwa, kinachorudisha zebaki kwenye maji badala ya kuiachia hewani. Hapa tuliona koleo juu ya moto wa wazi.

Saa kumi jioni waliokuwa chini wakapanda. Alitoka wa nne, vumbi limemfanya mweupe kama aliyemwagiwa unga wa muhogo, mashavu yameingia ndani. Watu waliokaa chini ya turubai hakuwaona. Aliona kikapu cha ukindu. Alisimama na kamba bado mkononi.

"Mama yu hai?"

Swali hilo lijibiwe hapohapo, kabla hata salamu haijakamilika. "Yu hai, mzima, na sauti yake tumekuja nayo." Akakaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Zamu yake ya pili ilikuwa saa nne usiku. Msimamizi alipoambiwa pembeni kwamba kuna habari ya msiba, alimpangia mwingine bila mjadala. Alisema habari ya kifo haipigiwi kelele duarani, na aliyeisikia hashuki siku hiyo: mkono unalegea kwenye kamba, na mwamba ukianza kulia juu ya kichwa hausikii. Wabebao habari wa baadaye walishike hili kuliko yote yaliyomo humu. Uliza zamu kwanza, kisha sema.

Alikula wali na maharage, akala halua. Baada ya sala ya isha, mzee mmoja wa msikitini akiwa ameketi kando yake, akaambiwa habari za ami. Hakulia mara moja. Aliuliza ni siku gani, nani kamkosha, nani kasalisha, kazikwa upande gani wa makaburi, hitima imesomwa? Majibu yote yalikuwepo, kwa kuwa yalikusanywa Konde. Bila majibu hayo msiba humfikia mtu nusu, na nusu iliyokosekana hukaa naye usiku kucha.

Siku ya 6, Alhamisi 14 Agosti: sauti, picha, simu

Asubuhi alisomewa daftari, mstari kwa mstari. Alisimamisha kila mahali. Kwenye bati la jiko aliuliza ni la rangi gani.

Rikodi aliisikiliza mara nne. Mara ya nne hakutaka maneno ya mama. Alitaka sekunde za mwisho, pale mama amekwisha kusema na simu haijazimwa, inasikika mbuzi ya kukunia nazi kutoka jikoni, kuru, kuru, kuru, halafu inasimama, halafu inaendelea. Aliirudisha hapo, akaweka simu sikioni, akafumba macho. Ndiyo maana tumesema sauti za nyumba ziachwe.

Simu yake iliuzwa, na laini ikafungwa kwa kutotumika. Kusajili laini kunataka namba ya NIDA na alama za vidole. Kitambulisho chake kilipotea, lakini namba huweza kutafutwa kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Vidole vilikuwa tabu zaidi: jembe na mawe vimesugua ngozi hata mashine ikakataa mara tano. Wakala alimwambia aloweke mikono kwenye maji ya uvuguvugu, akaushe vizuri, ajaribu kidole kidogo, ambacho hakisuguliwi sana. Kikakubali. Simu ndogo ya vitufe ilinunuliwa kwa 30,000. Betri yake hukaa siku kadhaa, na kuchaji kwa muuza duka ni 500.

Alipiga akiwa kilimani, mtandao unakopatikana. Mama alipokea, akasikia "Mie", halafu kukawa hakuna neno kwa muda mrefu pande zote mbili. Waliongea dakika kumi na moja.

Alikuwa akikohoa tangu alipotoka duarani, kikohozi kikavu. Kwa vumbi la mawe kuna mambo mawili ya kuogopa: mapafu kuharibika kwa vumbi lenyewe, ambayo hayarudi yakawa mapya, na kifua kikuu, ambacho vumbi hilo humfungulia mtu mlango. Kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure kwenye vituo vya serikali, na wachimbaji wengi hawajui. Alitoa makohozi siku hiyohiyo. Majibu ya kesho yake yalisema hana. Mganga alimwambia kitambaa cha puani hakizuii lile vumbi jembamba, na kwamba kumwagia maji jiwe kabla ya kuligonga humsaidia zaidi.

Kurudi naye tulikutaka wote. Hakuweza. Anayeondoka kabla mawe hayajavutwa hupoteza fungu lake, na mkanda ulikuwa umeonekana tena. Hatukumlaumu. Tulichokubaliana ni kwamba nauli ya kumfikisha Pemba iwekwe kwa yule mzee wa msikiti, si mfukoni mwake, ili siku akiamua asitafute wa kumkopesha. Alijirikodi dakika nane. Akaandika ukurasa mmoja. Akatafuta jiwe jeupe lisilo na kitu, ukubwa wa yai la kuku, akasema apewe yule mtoto mwenye mwandiko mzuri, aone kile kinachopasuliwa kutwa.

Siku ya 7 hadi ya 9

Njia ileile, bila kuharibikiwa. Boti ya kutoka Dar ilichelewa saa mbili, tukalala Unguja.

Siku ya 10, Jumatatu 18 Agosti: Konde

Dereva wa pikapu alikuwa Mkoani. Habari za kaka yake hatukuzipata, na aliambiwa hivyo wazi, pamoja na majina ya sehemu tatu tulizoulizia, ili atakayekwenda asirudie hizo. Alishukuru, akaandika.

Mama alikuwa amekwisha kuisikia sauti kwa simu, kwa hiyo alianza na yale yasiyosikika kwenye simu. Kakonda? Ndiyo, kakonda. Anakohoa? Ndiyo, kapimwa, hana kifua kikuu. Ana deni? Analo, ni la chakula, na anayemdai ni mwanamke mwema. Analala wapi? Chumba cha udongo na bati, wako wanne. Kijana alikuwa ametuomba tuseme amenenepa. Hatukusema. Mama anayeambiwa mwanawe amenenepa kwenye machimbo hujua anadanganywa, na kuanzia hapo hata yaliyo kweli hayaamini.

Halafu aliuliza akisikia habari ya ami alikuwa ameshakula. Akaambiwa ndiyo, wali na maharage, na halua. Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa.

Jiwe lilipita mikononi mwa watoto wote wa ua, likalambwa na mmoja, likarudi kwa mwenyewe. Baada ya magharibi mama aliagiza daftari na kalamu, kwa sababu kuna mtu wa Ole anayekwenda Mwanza baada ya Maulidi. Mjukuu akakaa juu ya jamvi, jiwe limekandamiza ukurasa usipeperushwe. Mstari wa kwanza: mbuzi kazaa, wawili, mmoja mweusi.